Walimu Wetu Walifunzwa Kujaza Fomu

Kila nikisikia mtu akisema ati walimu wa Kenya hawajui mambo ya mtandao, najua huyo hajawahi kukaa na mwalimu mwisho wa muhula. Mwalimu wa shule ya umma anaingia kwenye TPAD ya TSC kujitathmini. Anapakia alama za tathmini za shuleni kwenye mtandao wa KNEC. Halafu wizara ilileta NEMIS, na kila mtoto akatakiwa awe na namba humo. Mtandao ukikataa, mwalimu anaenda saiba, kijana wa saiba anamjazia, analipa, maisha yanaendelea.

Sasa angalia hiyo orodha vizuri. Zote ni fomu. Mwalimu anajaza, mkubwa wake anasoma. Hakuna hata moja inayomfunza kuandika ukurasa mmoja na mwenzake, sembuse kuwaongoza wanafunzi arubaini waandike pamoja. Na huu mtaala wa umilisi, ulioanza nchi nzima Januari 2019, unataja umilisi saba wa kimsingi, na mmoja wao ni mawasiliano na ushirikiano. Umilisi wa kidijitali pia umo. Yaani mtoto anadaiwa kitu ambacho mwalimu wake hakuwahi kupewa nafasi ya kukifanya. Ukiniuliza tulifikaje hapa, nitakwambia tulifika polepole, na kuna mahali njiani tulikuwa tunaenda sawa kabisa.

Hapo mahali panaitwa Kikuyu. Baada ya uhuru shule za msingi zilijaa watoto, na walimu wengi waliokuwa mbele yao hawakuwa na masomo ya kutosha. Huwezi kuwatoa darasani wote uwapeleke chuoni, nani atabaki na watoto? Kwa hivyo mwaka wa 1967, chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha kitengo cha masomo ya posta pale Kikuyu. Mwalimu alibaki shuleni kwake. Masomo yaliyochapishwa yalimfikia kwa posta, vipindi vya redio vya Sauti ya Kenya vikayaeleza, yeye akafanya zoezi akalirudisha kwa posta. Kule Kikuyu mtu akalisoma, akalisahihisha, akamrudishia. Akifaulu mtihani, alikuwa na nafasi ya kupanda daraja, na mshahara ukapanda naye.

Naipenda hii stori kwa sababu hakukuwa na kompyuta hata moja, lakini mambo mawili ya maana yalikuwepo. Mwalimu aliandika, na kulikuwa na mtu wa kumjibu. Na jasho lake lilikuwa na malipo. Shika hayo mawili, tutayahitaji mbele.

Miaka ya tisini ilikuja na SMASSE, mradi wa Kenya na Japani wa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Ulianza 1998 katika wilaya tisa. Hawa walifanya jambo zuri: walimwambia mwalimu aache kuhubiri ubaoni, awape wanafunzi majaribio ya kufanya kwa mikono yao, hata kwa vifaa vya kujitengenezea. Lakini mafunzo yenyewe yalishuka kwa ngazi. Wakufunzi wa kitaifa walifunza wa wilaya, wa wilaya wakafunza walimu. Ushawahi kucheza ule mchezo wa kunong'onezana kwenye mstari? Neno linaanza "mbuzi", linafika mwisho likiwa "mchuzi". Mbinu hiyo ya ngazi ndiyo tuliyoirithi, na miradi mingi iliyofuata imeitumia kwa sababu ni rahisi kuipangia bajeti.

Wakati SMASSE inapangwa, huko mbali kulikuwa na kitu kingine kinazaliwa. Machi 1995 mwandishi wa programu Mmarekani, Ward Cunningham, aliweka mtandaoni ukurasa ambao msomaji yeyote angeweza kuubadilisha. Aliuita WikiWikiWeb, jina alilolitoa kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu. Kwa Kihawaii, "wiki" ni haraka. Kwetu wiki ni siku saba, na nikiangalia muda ambao semina nyingi za walimu huchukua, hata hizo saba hazifiki.

Lakini kabla ya Cunningham, Kiswahili kilikuwa kimeshaingia. Mwishoni mwa 1994, katika Chuo Kikuu cha Yale, Martin Benjamin alianzisha kamusi hai ya Kiswahili kwenye intaneti, mradi wa Kamusi, wazo likiwa watu walio mbalimbali wachangie maneno, yakusanywe mahali pamoja. Miezi michache kabla ya wiki ya kwanza! Sijui kwa nini hatujivunii hili jambo. Watoto wetu wanaambiwa vifaa vya kushirikiana ni vya wazungu, kumbe lugha yao ilikuwa kati ya za kwanza kujaribiwa. Wikipedia ya Kiswahili nayo ilianza 2003, na ilipofika 2009 Google ikaandaa shindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, waandike makala za Kiswahili washinde zawadi. Wanafunzi walijitokeza. Makala ziliandikwa. Zawadi zilipoisha, wengi wakaenda zao. Hao walikuwa vijana wa vyuo, wengine wakielekea kuwa walimu, na mbegu ile ingeweza kupelekwa hadi vyuo vya ualimu ikapandwa huko.

Ukurasa wa pamoja ni kitu kigumu kwa mwalimu, na si kwa sababu ya vibonyezo. Darasa letu limejengwa juu ya kunakili: mwalimu anaandika, wanafunzi wananakili, mtihani unapima kila mtu peke yake. Mtoto akichungulia daftari la jirani, huyo ni mwizi. Sasa unamwambia mwalimu huyohuyo awape watoto sita ukurasa mmoja, kila mmoja aguse maneno ya mwenzake. Swali lake la kwanza litakuwa, na ni swali halali: nitajuaje nani alifanya kazi na nani alilala?

Jibu liko ndani ya kifaa chenyewe. Wiki nyingi, na baadaye Google Docs iliyotoka 2006, huhifadhi historia ya ukurasa. Sentensi hii iliandikwa na nani, saa ngapi, nani akaifuta, nani akairudisha. Mwalimu anayejua kusoma hiyo historia anaona mengi kuliko anayesahihisha insha iliyokamilika. Anaona mtoto aliyeandika aya tatu. Anamwona yule aliyebadilisha koma moja akajiita mwanakikundi. Anamwona pia msichana mkimya ambaye hasemi darasani lakini usiku anarekebisha hoja za wenzake. Mafunzo ya kweli yangekaa hapo siku nzima: kusoma historia, kugawa majukumu, kuamua la kufanya watoto wawili wakifutana. Kuwasha mashine ni saa moja tu.

Turudi nyumbani basi. Mwaka wa 2005 mpango wa NEPAD wa shule za kielektroniki ulichagua shule sita za sekondari hapa Kenya, kampuni kubwa za kompyuta zikaleta vifaa. Sitakaa hapo. Shule sita ni shule sita.

2013 ndiyo kila mtu anaikumbuka. Jubilee iliingia na ahadi ya laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Mwaka huohuo KNUT ikagoma kwa ajili ya marupurupu ambayo walimu walikuwa wakiyadai tangu makubaliano ya 1997, na watu wakauliza waziwazi: pesa za laptopu zipo, za mwalimu ziko wapi? Mimi nilikuwa shule ya msingi, na nilichoelewa ni kwamba tuko nyumbani. Leo nikisoma habari za wakati ule naona mwalimu na kompyuta waliwekwa kwenye mizani moja tangu siku ya kwanza, kana kwamba ukilipa huyu huwezi kununua ile. Zabuni ya kwanza ikabatilishwa 2014. Laptopu zikageuka vishikwambi, na 2016 usambazaji ukaanza kwa majaribio ya shule 150. Baadaye vikasambazwa zaidi ya milioni moja, nchi nzima. Tuseme haki: umeme ulifika shule nyingi kwa sababu ya mpango huo, na hilo si jambo dogo.

Kilichonishangaza ni kilichokuwa ndani ya yale maboksi. Vishikwambi vya watoto, laptopu za walimu, projekta, halafu ruta yenye seva ya masomo. Hiyo ruta ingeweza kuunganisha darasa zima bila hata tone la intaneti. Wiki ya Cunningham ilikuwa programu ndogo tu, na kitu cha aina yake kingekaa vizuri kwenye seva kama hiyo, kijijini, bila bando. Watoto wa Turkana wangeandika kitabu chao cha visa vya kwao, ukurasa kwa ukurasa. Badala yake seva ilijazwa masomo yaliyokamilika. Mtoto anagusa, kinalia, anaenda mbele. Ni kitabu kizuri chenye sauti.

Shangazi yangu ni mwalimu wa shule ya msingi na alihudhuria semina moja ya siku chache enzi hizo. Daftari lake bado lipo, nimelisoma. Kuwasha. Kuunganisha projekta. Kufungua somo. Kuchaji. Kufunga kwenye kabati na kuweka sahihi. Hakuna ukurasa unaotaja watoto wawili kufanya kitu pamoja. Na kabati ndiyo ilishinda, kwa sababu kikiibwa kifaa anayejieleza ni mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu yeyote mwenye akili ataficha ufunguo.

Kisha Machi 2020 shule zikafungwa. Hapo tulipimwa sote. Shule za wenye uwezo ziliingia Zoom na Google Classroom, na walimu wao wakajifunza kwa siku chache walichokosa kwa miaka, maana mzazi alikuwa anatazama. Kwingine kote redio ya KBC ilirudi kazini, kama 1967, isipokuwa safari hii hakukuwa na mtu Kikuyu wa kusahihisha zoezi. Mtoto alisikiliza, basi. Julai hata mabaluni ya Loon yakapaa angani kutuletea intaneti, na Januari iliyofuata kampuni ikatangaza inafunga. Sina la kuongeza kuhusu mabaluni.

2021 TSC ikazindua mafunzo ya kuendeleza walimu. Moduli moja ilipangiwa miaka mitano, zilikuwa sita, kwa hivyo kilikuwa kitu cha miaka 30. Ada ilikuwa shilingi 6,000 kwa mwaka, kutoka mfukoni mwa mwalimu. Vyama vya walimu vikapinga, na mimi niko upande wao katika hilo la ada. Mwalimu wa 1967 alisoma akapanda mshahara. Huyu wa 2021 akaambiwa alipe ili abaki pale alipo. Halafu tunashangaa akihudhuria kwa shingo upande.

Na bado walimu wanashirikiana, bana. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma zaidi. Ingia kwenye kundi lolote la WhatsApp la walimu wa somo moja uone: maazimio ya kazi, mitihani, miongozo ya kusahihisha, mtu anauliza saa nne usiku namna ya kufundisha sehemu na desimali, anajibiwa na watatu. Hakuna mkufunzi aliyewafunza, hakuna cheti. Shida ni kwamba faili inaruka simu hadi simu na kila mtu anarekebisha yake. Baada ya mwezi kuna nakala arubaini, moja inaitwa "ya mwisho", nyingine "ya mwisho kabisa". Ukurasa mmoja wa pamoja ungelimaliza hilo tatizo jioni moja.

Ndiyo maana ningeanzia hapo, si kwa watoto. Walimu wa kata moja wakae kwenye ukumbi wa shule yoyote, waandike azimio moja la kazi kwenye ukurasa mmoja, wagombane, wafutane, wafungue historia waone nani alifuta nini. Mkufunzi abaki nao muhula mzima, hata kwa simu, akijibu. Na TSC ihesabu kazi hiyo wakati wa kupandisha watu vyeo, maana historia ya ukurasa inaonyesha nani alifanya. Baada ya hapo nani atahitaji kumweleza mwalimu maana ya ushirikiano?

Juzi shangazi amenitumia faili tatu za azimio lilelile la Gredi ya Tano, anataka nimwambie ipi ndiyo sahihi. Nimezifungua zote tatu. Zinafanana hadi wiki ya sita, halafu kila moja inashika njia yake.