Mama Aliyeshika Kalamu Tena

Huko Epworth, Uingereza, Susanna Wesley aliwafundisha watoto wake kusoma na kuandika nyumbani. Mwaka 1709 nyumba hiyo iliteketea usiku, pamoja na maandishi yake. Watoto wote waliokolewa. John, mwenye miaka 5, alitolewa dirishani. Je, mama alikata tamaa? La! Alishika kalamu tena, akamwandikia binti yake maelezo ya Imani ya Mitume. Naye John, tangu mwaka 1725, aliandika habari za siku zake hata uzeeni.

Mzazi mpendwa, mpe mwanao daftari. Jioni ya leo aandike jambo moja alilotendewa na Bwana, nawe uandike lako. Karatasi huungua, bali mazoea mema hudumu. Mungu awabariki.