Onesimo, Jina la Mtumwa

Leo twataka kuzungumza juu ya jina moja tu.

Ukichukua orodha ya wanafunzi wa shule yo yote ya Ukambani, au daftari la ubatizo la kanisa la huko, hutafika mbali kabla ya kukutana na Onesmus. Kwa ndugu zetu wa Tanzania ni Onesmo, na katika Biblia yetu ya Kiswahili ni Onesimo. Jina ni lile lile. Sisi tumelizoea hata hatulishangai. Lakini huko Uingereza, walikotoka wengi wa wamisionari waliotuletea majina ya Biblia, jina hili ni adimu kabisa. Akina John, James na Thomas wamejaa kila kijiji, lakini Onesimus waweza kumtafuta mwaka mzima usimwone. Jina lililokosa wenyewe kwao lilipata wenyewe kwetu.

Hatuwashangai sana wale waliolikwepa. Jina hili lina harufu ya utumwa.

Kwa Kigiriki, onesimos maana yake ni mwenye kufaa, mwenye kuleta faida. Hilo ni neno jema masikioni, na mzazi yeyote angependa mwanawe awe hivyo. Lakini katika siku za Mtume Paulo, mara nyingi si mzazi aliyelitoa. Mtumwa aliponunuliwa, bwana wake alimwita apendavyo, kama vile sisi tunavyompa jina ng'ombe wa maziwa. Kwa hiyo majina ya namna hii yalikuwa mengi sana kati ya watumwa: Onesimo, Mwenye Kufaa, Fortunato, Mwenye Bahati, na hata Tertio na Kwarto, yaani Wa Tatu na Wa Nne, kana kwamba watu ni magunia ya kuhesabiwa. Majina hayo yote manne yamo katika nyaraka za Paulo. Wengi wetu huyapita tu tunaposoma zile salamu za mwisho.

Wazee wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa zaidi. Huko nako watumwa waliitwa Feruzi, Almasi, Marijani, Mabruki. Majina mazuri ya vito na ya baraka, lakini waliopewa hawakuulizwa, na yale waliyopewa na mama zao huko bara yalipotelea njiani. Walipokombolewa na kuletwa Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa mwaka 1875, wengi walibatizwa na kupewa jina jingine tena. Mtu mmoja aliweza kuwa na majina matatu katika maisha yake, na mawili kati ya hayo hakuyachagua.

Sasa na tufungue ule waraka mfupi kwa Filemoni. Ni sura moja, aya 25 tu, na katikati yake yumo huyu Onesimo. Filemoni alikuwa Mkristo mwenye uwezo huko Kolosai, na kanisa lilikutana nyumbani kwake. (Filemoni naye tunaye kwa wingi, hasa katika Bonde la Ufa. Mtumwa na bwana wake wote wawili wamo katika orodha zetu za ubatizo.) Onesimo alikuwa mtumwa wake, akaachana naye, akamfikia Paulo kifungoni, akaamini. Waraka hausemi waziwazi kwamba alitoroka. Wasomaji wengi tangu zamani wameusoma hivyo, nasi twaona yaelekea ni kweli, maana Paulo anataja hasara na deni. Mtumwa mtoro katika dola ya Kirumi aliweza kupigwa mijeledi na kutiwa chapa ya moto usoni.

Tazameni basi jinsi mzee huyu anavyoandika. Anasalimu, anashukuru, anasifu upendo wa Filemoni, na jina la Onesimo halitaji mpaka aya ya kumi. Na kabla ya kulitaja, anamwita mtoto aliyemzaa akiwa katika minyororo. Filemoni anasoma, anajiuliza ni mtoto gani huyo, halafu ghafula anakutana na jina la mtu wake mwenyewe! Papo hapo Paulo analigeuza lile jina. Anasema kwamba huyu Mwenye Kufaa zamani hakufaa kitu, lakini sasa anafaa, kwako na kwangu. Na katika aya ya 20 analirudia kwa mlango mwingine: anamwomba Filemoni ampatie faida katika Bwana, na neno la Kigiriki alilolitumia hapo lina shina moja na jina Onesimo. Sasa anayetakiwa kufaa ni yule bwana.

Katikati ya hayo yamo maneno mazito zaidi: ampokee, si kama mtumwa tena, bali zaidi ya mtumwa, kama ndugu mpendwa. Deni liandikwe kwa Paulo, naye anaweka mkono wake kwamba atalipa. Kisha, kama mtu anayejua watu walivyo, anaongeza kwamba atayarishiwe mahali pa kulala, maana anatumaini kuja. Filemoni ajue mgeni yuko njiani, na ataona kwa macho yake.

Twakiri kwamba kuna jambo linalotusumbua hapa. Paulo hakuandika: utumwa ni dhambi, mwachilie leo. Alisukuma mlango, hakuuvunja. Na kwa sababu hiyo waraka huu ulipata kushikwa na mikono mibaya.

Mwaka 1706, huko Boston katika Marekani ya leo, washarika walimnunua mtumwa kutoka Afrika Magharibi wakampa mchungaji wao, Cotton Mather, kuwa zawadi. Mchungaji alijua Kigiriki chake vizuri. Akamwita Onesimus. Siku moja alimwuliza kama amewahi kuugua ndui, naye akajibu ndiyo na hapana. Akaeleza kwamba kwao watu huchukua usaha kidogo wa mgonjwa, wakautia katika mkato mdogo kwenye ngozi ya mtu mzima wa afya. Mtu huyo huugua kidogo, kisha ndui haimpati tena. Akaonyesha kovu lake mkononi. Mather aliiandika habari hiyo kwa wataalamu wa London mwaka 1716. Ndui ilipouingia mji mwaka 1721, akawasihi madaktari wajaribu, na ni mmoja tu, Zabdiel Boylston, aliyekubali. Watu walikasirika hata bomu likatupwa ndani ya nyumba ya mchungaji. Lakini hesabu ilisema yenyewe: kati ya karibu watu 6,000 walioshikwa na ndui mjini, zaidi ya 840 walikufa, kati ya wale zaidi ya 240 waliochanjwa na Boylston, walikufa sita.

Na Onesimus mwenyewe? Ili aondoke katika nyumba ile, mwaka 1716 ilimbidi atoe fedha kusaidia kununua mtumwa mwingine wa kushika mahali pake, na hata hivyo akafungwa na masharti ya kurudi kusaidia anapoitwa. Mji mzima ulifaidiwa naye, naye akajinunua. Mchungaji alilipenda jina lile akaisahau aya ya kumi na sita.

Zaidi ya miaka mia baadaye, katika miaka ya 1830, mchungaji mwingine aitwaye Charles Colcock Jones aliwahubiria watumwa wa Georgia kutoka waraka huu huu. Akawafundisha kwamba kutoroka ni kosa, maana Paulo alimrudisha Onesimo. Mwenyewe aliandika yaliyotokea: nusu ya wasikilizaji wake waliinuka wakatoka. Waliobaki hawakuridhika, na wengine walisema hakuna waraka wa namna hiyo katika Biblia. Watu wale wengi wao hawakuruhusiwa kujua kusoma, lakini sisi twaona waliuelewa waraka kuliko mhubiri wao. Waraka aliouhubiri yeye, kweli haumo.

Turudi sasa upande wetu wa dunia, maana Onesimo mkubwa kuliko wote baada ya yule wa Kolosai alikuwa jirani yetu. Alizaliwa karibu mwaka 1856 katika nchi ya Waoromo, magharibi ya Ethiopia. Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo. Wafanya biashara ya watumwa wakamwiba mikononi mwa mama yake, naye akauzwa kutoka mkono hata mkono, bwana baada ya bwana, mpaka akafika bandari ya Massawa kwenye Bahari ya Shamu. Huko alikombolewa, akapelekwa katika shule ya wamisionari wa Kiswidi. Siku ya Pasaka, tarehe 31 Machi 1872, alibatizwa, akaitwa Onesimos. Safari hii aliyepewa jina la mtumwa alikuwa amekwisha kuwa huru.

Alisoma Sweden miaka mitano. Aliporudi alitaka kwenda moja kwa moja kwa watu wake, lakini njia zilifungwa, akajaribu tena na tena akashindwa. Basi akakaa pwani na kuanza kazi nyingine: kuitia Biblia katika lugha ya Kioromo. Alikuwa ametengwa na watu wake tangu utoto, na maneno mengi yalikuwa yamemponyoka. Hapo akasaidiwa na msichana Aster Ganno, naye pia mtumwa aliyeokolewa, aliyekuwa na kichwa cha ajabu. Aster alikusanya vitendawili, methali, hadithi na nyimbo za Waoromo kwa mamia, na akaandaa msamiati ambao kazi ile ilijengwa juu yake. Jina la Aster halitajwi vya kutosha, nasi twalitaja hapa kwa makusudi. Agano Jipya lilitoka mwaka 1893, na Biblia nzima ikapigwa chapa huko Uswisi mwaka 1899. Waliouzwa sokoni kama mbuzi waliwapa watu wao Neno la Mungu katika lugha ya mama zao.

Mwaka 1904 Onesimos alifika hatimaye katika nchi ya Waoromo, akafungua shule huko Nekemte. Makasisi wa Kiorthodoksi walimshitaki, ikatolewa amri afukuzwe. Mfalme Menelik akaitangua, lakini akamkataza kuhubiri. Akaendelea kufundisha kimya kimya mpaka mwaka 1916 aliporuhusiwa tena. Alifariki huko huko Nekemte tarehe 21 Juni 1931. Wanaosema Kiborana huko Marsabit na Isiolo ni wa ukoo huo huo wa lugha.

Kuna jambo moja zaidi. Yule wa Kolosai hatukuachiwa jina alilopewa na mama yake, wala yule wa Boston. Huyu wa tatu, jina lake la kuzaliwa limehifadhiwa. Alipokuwa mchanga, kabla ya kuuzwa, kabla ya Massawa na Sweden, kabla hajaiona Biblia hata kwa mbali, wazazi wake walimwita Hika. Kwa Kioromo maana yake ni mfasiri.