Mto Tana na Buriani za Bunge

Kabla Kenya haijapata bunge lake huru, vifo vilivyotokea kando ya Mto Tana vilijadiliwa katika bunge la watu wengine. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 waliozuiliwa kwa sababu ya Mau Mau walipigwa hadi kufa kambini Hola. Serikali ya kikoloni ilianza kwa kudai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Usiku wa Julai 27 mwaka huohuo, Enoch Powell, mbunge wa chama kilichokuwa madarakani, alisimama katika Bunge la Uingereza akaikemea serikali ya chama chake kwa kukwepa lawama. Hakuwajua marehemu. Alichokuwa nacho ni taarifa ya yaliyotendeka, na hakukubali yafunikwe kwa maneno ya jumla.

Kisa hicho kinanijia kila ninaposikia Spika wa Bunge la Kenya akitangaza kifo cha mbunge wa zamani. Wenzake husimama dakika moja wakiwa kimya, wachache hupewa nafasi ya kusema, kisha Bunge hurejea kwenye shughuli za siku. Marehemu husifiwa kuwa alikuwa mchapakazi, mnyenyekevu, mtetezi wa wanyonge. Badilisha jina na maneno hayo yatamfaa mwingine yeyote.

Akifa mbunge aliye kitini, sheria nayo huamka. Katiba ya 2010 inampa Spika siku 21 kuiarifu tume ya uchaguzi kwamba kiti kiko wazi, na uchaguzi mdogo sharti ufanyike ndani ya siku 90. Jina la marehemu litatajwa katika kila mkutano wa kampeni. Mbunge wa zamani haachi kiti cha kugombewa. Anachopata kutoka Nairobi ni rambirambi na ukurasa wa Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, basi. Ndiyo maana ukurasa huo una uzito zaidi ya ule unaopewa.

Eneo kama Tana River linauhitaji zaidi. Katiba ya uhuru ya 1963 iliipa kila wilaya seneta wake, na Tana River ikawa na sauti miongoni mwa maseneta 41. Mwishoni mwa 1966 Seneti iliunganishwa na Baraza la Wawakilishi, na haikurudi hadi 2013. Kwa zaidi ya miaka 45, wilaya iliyoandama mto kutoka jirani na Garissa hadi baharini ilisemewa na wabunge wa kuhesabika kwa vidole, wa viti kama Garsen, Galole na Bura. Mzee wa Garsen anayetaka kumsimulia mjukuu nani alisema nini kuhusu mafuriko, malisho au barabara ya Malindi hana pa kwenda ila kwenye kumbukumbu za Bunge na vichwa vya wazee wenzake. Vichwa hivyo vinapungua kila mwaka.

Lugha nayo ilikuwa kizuizi. Ronald Ngala, aliyeongoza chama cha KADU na kupigania mfumo wa majimbo kwa niaba ya Pwani nzima, alifariki siku ya Krismasi 1972 kutokana na majeraha ya ajali ya barabarani, akiwa waziri. Wakati huo Kiingereza ndicho kilichotawala ukumbini, kwani Kiswahili kiliruhusiwa Bungeni mwaka 1974. Mwanasiasa aliyewavuta watu wa Pwani kwa Kiswahili katika mikutano ya hadhara alikufa kabla ya Bunge lake kuifungulia mlango lugha hiyo. Leo seneta wa Pwani akimlilia mwenzake kwa Kiswahili, maneno yake yanaingia katika Hansadi kama alivyoyatamka, na mjane aliye Ngao, Tana River, anaweza kusomewa bila mkalimani.

Kuna mmoja ambaye ningependa atajwe kila zinapotolewa buriani hizi. Kasisi Thomas Kalume alikuwa mmoja wa watu watano waliopewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa mwaka 1963, pamoja na Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Waliuchukua muziki wa bembelezi ya Wapokomo, wimbo wa mama wa Mto Tana akimtuliza mwanawe, waliopewa na Meza Galana. Baadaye Kalume akawa Mbunge wa Malindi Kaskazini, upande wa pili wa mpaka wa Tana River. Tangu 1963, wimbo wa taifa unapopigwa kwenye mazishi ya kiongozi wa Kenya, iwe Turkana au Kisumu, kinachosikika ni sauti ya mto huu. Wanaosimama wima wakati huo ni wengi, na wanaomkumbuka Kalume ni wachache mno.

Wakati mwingine kifo cha mbali kinaigusa Garsen kwa njia isiyotarajiwa. Profesa George Saitoti, Waziri wa Usalama wa Ndani, aliangamia katika ajali ya helikopta Juni 10, 2012. Yusuf Haji, Mbunge wa Ijara ng'ambo ya mto, akakaimu nafasi yake. Agosti 22 wanavijiji wa Riketa, huku Tana River, wengi wao wanawake na watoto, wakauawa, na Septemba mauaji yakafika Kilelengwani, polisi wakiwa miongoni mwa waliokufa. Mapigano hayo ya Waorma na Wapokomo yalimaliza zaidi ya watu 100. Haji alifariki Februari 15, 2021 akiwa Seneta wa Garissa, akazikwa siku hiyohiyo kwa desturi ya Kiislamu. Sifa zake zilikuwa nyingi na alizistahili, maana alilitumikia taifa miongo kadhaa. Lakini buriani ya kweli kwake ingepita pia kwenye miezi ile ya 2012: alikuta nini, alifanya nini, nini kilimshinda. Kumtaja mtu pamoja na mzigo aliobeba si kumvunjia heshima.

Mazishi ya nyumbani yanalijua hilo. Kwa Waorma na Wawardei, na Wapokomo walio Waislamu, maiti hailali. Rambirambi za Nairobi zinakuta kaburi limeshafunikwa. Kwa Wapokomo Wakristo wa huku chini ya mto, ambako wamishonari Wajerumani wa Neukirchen walijenga Ngao tangu miaka ya 1880, kuna siku kadhaa za matanga. Chini ya turubai, kipaza sauti kikikoroma, wanasiasa husema kwanza na kwa kirefu. Kisha jioni, magari makubwa yakishaondoka, bibi mmoja huanza: huyu ndiye aliyetuletea mtumbwi wa kuvusha wagonjwa mto ulipofurika. Mwingine humsahihisha kuhusu mwaka. Wa tatu anakumbuka ahadi ya zahanati ambayo haikutimizwa, na hakuna anayemnyamazisha.

Bunge la Kaunti kule Hola lina Hansadi yake tangu 2013, na lina waandishi wanaolipwa kuandika. Liwatume matangani na baada ya matanga, wakae na watu hao jioni. Waanze na seneta wa 1963, waje kwa kila mbunge wa Garsen, Galole na Bura aliyetangulia mbele ya haki, waandike kwa Kiswahili alichosema, alichofanya na alichoshindwa. Kisha nakala ipelekwe kwa Maspika wawili wa Nairobi, ili siku nyingine wakisimama kutangaza msiba wa Tana River wawe na cha kusoma.