Magurudumu na Tairi za Gari la Nyikani (Turkana)

Katika nchi ya Kaikor, kaskazini ya Turkana, ambako njia hukatiza laga (mito mikavu) za mchanga, vifusi vya mawe ya volkano na vichaka vya migunga, uteuzi wa tairi ni jambo muhimu zaidi kuliko nguvu za injini. Toyota Land Cruiser za kazi, ambazo ndizo aghalabu zionekanazo baina ya Lodwar na Kakuma, kwa muda mrefu zimevaa tairi nyembamba ya 7.50R16 yenye tyubu, juu ya rimu ya chuma. Na ingawa wapenda fahari huitamani tairi pana juu ya rimu ya aloi, rimu ya chuma iliyopinda hunyooshwa kwa nyundo, ilhali ya aloi hupasuka.

Mwiba wa mathenge, mti mgeni uliotamalaki kandokando ya mito ya Turkwel na Tarach, hupenya baina ya meno ya tairi na kukatikia ndani. Fundi asiyeipapasa tairi kwa vidole kabla ya kurudisha tyubu iliyotiwa kiraka huwa amejitafutia pancha ya pili.

Mchangani dereva hupunguza upepo ili tairi ikanyage kwa urefu zaidi, walakini ukipungua mno tairi huteleza juu ya rimu, ikaiburuta tyubu na kung'oa valvu yake. Afikapo penye mawe sharti aurudishe upepo, maadamu ubavu uliolegea huchanika upesi, na ubavu uliochanika hauzibiki kwa kiraka.