Opinel Na. 8: Mambo 6 ambayo wapenzi wa kisu hiki wanatamani yaboreshwe, na gharama ya kila moja

Kina sehemu tano tu: bapa, mpini wa mti, pini, na pete mbili za chuma. Hakina springi wala skrubu. Hata hivyo wanaokimiliki kisu cha kukunja cha Opinel Na. 8 hawaachi kukichokonoa. Wapo wanaokipiga msasa, wanaokiloweka kwenye mafuta na wanaokipaka haradali. Wengine hukitoboa ili wapitishe kamba.

Sababu ni kwamba kisu kinapendwa, lakini kina kasoro zake zinazojulikana. Kabla ya kushika msasa au plaizi, ni vizuri kujua kila boresho linaleta nini na linaondoa nini.

Kilikotoka

Kisu hiki kilibuniwa mwaka 1890 na Joseph Opinel, kijana wa miaka 18 kutoka Savoie, eneo la milima ya Alps nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa mhunzi wa mashoka na zana za shamba. Mwaka 1897 visu hivyo vilipangwa kwa saizi 12, kuanzia Na. 1 hadi Na. 12. Baadaye Na. 1 na Na. 11 ziliondolewa.

Na. 8 ndiyo saizi inayofahamika zaidi. Bapa lake lina urefu wa sentimita 8.5, na kikikunjwa kinabaki na sentimita 11 hivi. Kinaingia mfukoni bila shida.

1. Mpini unaovimba

Hili ndilo lalamiko namba moja. Mpini wa kawaida ni wa mti wa bichi, ambao hunywa maji. Kisu kikilowa, mti huvimba na kulibana bapa kwenye mwanya wake. Matokeo yake kinagoma kabisa kufunguka.

Wenyeji wa Savoie wana dawa yao ya zamani. Wanageuza pete ili ifunguke, kisha wanagonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu. Bapa huchomoza kidogo, likashikwa na kuvutwa.

Wanaotaka suluhisho la kudumu huondoa vanishi ya kiwandani kwa msasa, wakaupaka mpini mafuta ya kitani mara kadhaa na kuuacha ukauke kila mara. Mti ulioshiba mafuta haunywi maji kwa haraka. Wengine husugua kidogo ndani ya mwanya ili bapa lipate nafasi.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mti ukisuguliwa kupita kiasi karibu na pini, bapa huanza kucheza kushoto na kulia, na mti uliokwisha kutoka haurudi. Ni heri kusugua kidogo, ukajaribu, ukasugua tena.

Tahadhari nyingine ni kitambaa kilichotumika kupaka mafuta ya kitani. Mafuta haya yanapokauka hutoa joto. Kitambaa kikikunjwa na kutupwa kwenye pipa, joto hilo linaweza kupanda hadi kuwaka moto chenyewe. Kitandazwe nje kikauke kabisa, au kilowekwe kwenye maji kabla ya kutupwa.

2. Kutu

Na. 8 huuzwa kwa aina mbili za chuma. Ya kwanza ni chuma chenye kaboni nyingi, takriban asilimia 0.9. Hiki hunoleka haraka kwenye jiwe la kunoa na hushika makali vizuri, lakini kikiachwa na maji usiku mmoja tu, asubuhi unakuta madoa ya kutu. Ya pili ni chuma cha pua, ambacho hakishiki kutu kirahisi.

Wapenzi wengi wanataka vyote viwili, makali ya kaboni na usafi wa chuma cha pua. Njia yao ni kulipaka bapa la kaboni siki au haradali, au kukata nalo matunda yenye asidi, mpaka litengeneze utando wa kijivu au mweusi. Utando huo hupunguza kasi ya kutu.

Hupunguza tu, hauzuii. Bapa bado linatakiwa kufutwa na kukaushwa kila baada ya kazi, na kupakwa mafuta kidogo. Asiyetaka shughuli hiyo achukue cha chuma cha pua tu, mambo yaishe.

3. Pete inayolegea

Hapa ndipo pa kuangalia kwa makini, maana ni suala la vidole. Kwa miaka 65 ya mwanzo kisu hakikuwa na kitu cha kulizuia bapa lisijikunje mkononi. Mwaka 1955 Marcel Opinel, mtoto wa Joseph, alibuni pete inayozunguka iitwayo Virobloc. Ukiigeuza, inaziba njia ya bapa. Tangu mwaka 2000 pete hiyo inafunga pia kisu kikiwa kimekunjwa, kwa hiyo hakifunguki chenyewe mfukoni.

Shida ni kwamba pete haziji na ukazo sawa. Nyingine ni ngumu kugeuza, nyingine inateleza. Iliyolegea huminywa taratibu kwa plaizi, ikiwa imefunikwa kwa kitambaa ili isikwaruzwe. Iliyobana sana hupanuliwa kidogo kwa bisibisi bapa.

Wapo wanaoilegeza kupita kiasi ili igeuke kwa kidole kimoja. Inapendeza, mpaka siku pete itakapozunguka yenyewe katikati ya kazi. Kuipima ni rahisi. Fungua kisu, funga pete, kisha bonyeza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza huku vidole vikiwa mbali na njia ya bapa. Pete ikisogea, kisu hicho kisitumike mpaka ikazwe.

Kumbuka pia kwamba saizi ndogo, Na. 2 hadi Na. 5, hazina pete hii kabisa.

4. Kufungua kwa mkono mmoja

Opinel ya kawaida hufunguliwa kwa mikono miwili: mmoja umeshika mpini, wa pili unavuta bapa kwa ukucha. Mvuvi aliyeshika kamba au mtu aliye juu ya ngazi anaona hilo ni usumbufu. Ndiyo maana wengine hufunga kijiti cha kidole gumba kwenye mgongo wa bapa.

Kabla ya kufanya hivyo, angalia sheria ya mahali ulipo. Nchini Ujerumani, kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja na kujifunga hakiruhusiwi kubebwa hadharani bila sababu halali. Kijiti hicho kidogo kinaweza kukihamisha kisu kutoka kundi moja la kisheria kwenda jingine.

Uingereza kuna ugumu zaidi. Kisu kinachobebwa bila kuulizwa sababu ni kile cha kukunja, kisichojifunga, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Na. 8 inashindwa kote kuwili hata kabla haijaguswa. Mwenye nacho anatakiwa awe na sababu ya msingi ya kukibeba, kwa mfano kazi yake.

Kwenye ndege, kanuni za Umoja wa Ulaya zinakataza bapa linalozidi sentimita 6 ndani ya kabini. Kiweke kwenye begi linalokwenda chini.

5. Klipu na kamba

Visu vingi vya kisasa vina klipu ya kukishikiza kisu kwenye ukingo wa mfuko. Opinel haina, na mpini wake wa duara hauipokei vizuri. Skrubu ndogo kwenye mti mwembamba hulegea, na wakati mwingine mti hupasuka.

Kamba ni njia salama zaidi. Tundu dogo hutobolewa kwenye kitako cha mpini, mbali na mwanya wa bapa, kamba ya ngozi ikapitishwa. Asiyetaka kutoboa hununua kifuko cha ngozi cha kufunga kwenye mkanda.

6. Mpini wa kipekee

Hapa kuna uhuru mkubwa zaidi, na hasara ni ndogo. Mti huchongwa uwe bapa kidogo ili usibiringike mezani, huchorwa kwa moto, au hutiwa rangi. Kiwanda nacho kinauza mipini ya mzeituni, mwaloni na jozi.

Anayefanya kazi majini ana chaguo jingine la kiwandani. Na. 8 Outdoor ina mpini wa plastiki ngumu na filimbi ya kuomba msaada. Hauvimbi, lakini hauna ule utamu wa mti mkononi, na ndiyo maana wengi wanabaki na wa zamani.

Kisichopaswa kuguswa

Baadhi ya mashabiki wanatamani bapa nene zaidi. Lakini bapa la Na. 8 halifiki milimita 2 kwa unene, na huo wembamba ndio unaokifanya kipite kwenye nyanya, mkate au jibini bila kusukumwa. Ukiongeza unene, unapata kisu kingine cha kupasulia kuni, ambacho tayari kipo madukani.

Kwa aliyenunua leo, mpangilio mzuri ni huu: pima pete kwanza, upake mpini mafuta, kisha kitumie mwezi mzima bila kubadilisha kingine. Baada ya hapo utajua ni kasoro ipi inakusumbua kweli, na ipi uliisikia tu kwa watu.