Miaka Ambayo Mkonge Haukupandwa

Watu wa Muheza na Korogwe hawahitaji mchumi wa kuwaambia kwamba shamba la mkonge limekufa. Wanatazama milingoti. Mkonge huishi miaka 10 au 12 hivi, majani yake yakikatwa mwaka hadi mwaka, kisha katikati hutoa mlingoti mmoja mrefu, huchanua, hudondosha vichipukizi vyake na kunyauka. Shamba linalotunzwa halina milingoti mingi, kwa kuwa mkonge mzee hung'olewa na mwingine hupandwa. Shamba lililotelekezwa hujaa milingoti mitupu, kama bandari yenye majahazi yasiyo na tanga.

Mkoa wa Tanga uliishi na mandhari hiyo kwa miongo kadhaa. Wengi wetu tumezoea kusema kwamba mkonge uliuawa na nailoni, au kwamba uliuawa na serikali ilipotaifisha mashamba. Kauli zote mbili zina ukweli, lakini zinaruka jambo ambalo mkata mkonge yeyote analijua. Hasara ya zao hili haiingii siku bei inapoanguka. Inaingia katika miaka ile ambayo, kwa sababu ya bei, hakuna anayepanda, na huonekana baadaye sana, wakati waliofanya uamuzi huo wameshaondoka.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, kwa sababu Mexico, ulikotoka mmea huo, haikutaka mbegu yake itoke nje. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyotambaa kandokando ya reli kutoka Tanga hadi Moshi. Kufikia mwaka 1913 koloni lilikuwa likiuza nje zaidi ya tani 20,000. Tuikumbuke hesabu hiyo, kwa kuwa tutakutana nayo tena.

Kazi ilihitaji mikono mingi. Jani la mkonge lina miiba, ni zito, na sehemu kubwa yake ni maji na makapi. Katika kila kilo 100 za majani, singa, yaani nyuzi zake, hazizidi kilo 4 hivi. Majani yaliyokatwa yalisukumwa kwa toroli hadi korona, mashine ya kusaga na kutenganisha singa, na yalipaswa kufika mapema kabla hayajaanza kukauka. Watu wa pwani hawakuipenda kazi hiyo, nao walikuwa na sababu. Kwa hiyo mashamba yalitafuta watu mbali: Waha wa Kigoma, Wanyamwezi, Wabena, Wangoni, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, na wengine kutoka Rwanda na Burundi. Waliandikishwa kwa namba na wakaitwa manamba. Kila mmoja alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi ya siku 30 za kazi, ambacho alitakiwa kukijaza katika siku 42. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopangiwa, nyapara hakuitia alama, hata kama mgongo wako ulivunjika kwa kuinama.

Ndipo ukaja mdororo wa kwanza mkubwa. Kuporomoka kwa soko la hisa la New York mwaka 1929 kungeweza kuonekana kuwa habari ya mbali kwa mtu wa Pangani, lakini katika miaka michache tu bei ya mkonge mjini London ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Wenye mashamba walifanya jambo ambalo kwa haraka linaonekana kama wazimu: walizalisha zaidi. Mkonge ulikwishapandwa, korona zilikwishanunuliwa, na deni lilikuwa halisubiri. Tani moja ikileta fedha kidogo, dawa waliyoiona ni kuuza tani mbili. Kati ya mwaka 1929 na mwishoni mwa miaka ya 1930 mauzo ya nje yaliongezeka takriban maradufu. Aliyegharamia ongezeko hilo ni manamba. Mishahara ilikatwa, kwingine hadi nusu, na kazi ya siku ikaongezwa.

Serikali ya kikoloni nayo ilibanwa. Ushuru wa forodha ulipungua, reli ikapoteza mizigo, na watumishi wakapunguzwa. Lakini kodi ya kichwa iliendelea kudaiwa. Mtu aliyetoka Kasulu kutafuta shilingi za kodi sasa alilazimika kukaa mbali na kwake muda mrefu zaidi ili kupata shilingi zilezile. Ninapousoma wakati huo, hapo ndipo ninapouona mdororo wenyewe: katika miezi iliyoongezeka ya baba kutokuwapo nyumbani. Miezi hiyo haimo katika takwimu za mauzo, ambazo zilikuwa zikipanda.

Vita ya Pili ya Dunia iligeuza mambo. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Ufilipino na kisiwa cha Java, na nchi zilizokuwa zikipigana na Ujerumani na Japani zikapoteza chanzo kikubwa cha nyuzi za kamba. Mkonge wa Tanganyika ukawa bidhaa ya vita, na watu wakalazimishwa kwa sheria kwenda mashambani. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha SILABU, ofisi yao ya kukusanya vibarua. Vita ya Korea ilipozuka, bei ilipaa kupita kiasi, na shamba lililokuwa na majani tayari lilipata utajiri. Mkonge wa mwaka 1951, bila shaka, ulikuwa umepandwa miaka kadhaa nyuma, kabla ya yeyote kuijua bei hiyo.

Kilele kilifikiwa mwaka 1964, pale uzalishaji ulipofika tani 230,000 hivi. Tanzania ilikuwa ya kwanza duniani, na mkonge ulikuwa miongoni mwa nguzo kuu za fedha za kigeni za taifa changa. Zaidi ya watu laki moja walikuwa wameajiriwa mashambani miaka ya mwanzo ya Uhuru. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa kimepandishwa, na kilistahili kupandishwa baada ya miaka 70 ya kipande na posho.

Lakini mwaka huohuo wa kilele bei ilianza kuteleza, na kufikia mwaka 1967 ilikuwa karibu nusu ya ilivyokuwa. Sababu zilikuwa mbali na Tanga. Mteja mkubwa wa mkonge wetu alikuwa mkulima wa Ulaya na Amerika Kaskazini, aliyeutumia kufungia nyasi kavu za mifugo. Sasa alipata kamba ya plastiki iliyotokana na mafuta ya petroli, nyepesi na isiyooza. Brazili nayo ilikuwa ikiuza mkonge wa wakulima wadogo wa Bahia kwa bei ya chini. Waajiri wakapunguza watu kwa maelfu, safari hii kwa kuwafukuza badala ya kuwakata mishahara, kwa kuwa sheria haikuruhusu tena kulipa chini ya kima. Wakapunguza pia kitu kingine ambacho hakikupiga kelele: upandaji.

Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na Oktoba mwaka huo serikali ikachukua mashamba yaliyokuwa yakitoa zaidi ya nusu ya mkonge wote. Shirika jipya la umma lilipokea mali ambayo kwenye karatasi ilikuwa kubwa, ilhali shambani ilikuwa ikizeeka. Sisemi hivyo kulitetea. Uongozi wake ulikuwa dhaifu, maamuzi yalichelewa, na upandaji uliokatika haukufidiwa. Lakini anayesema mkonge uliuawa mwaka 1967 hajaitazama milingoti ya miaka ile.

Ushahidi ulikuja mwaka 1973. Mafuta yalipopanda bei, plastiki ilipanda pia, na mkonge ukarudi kutafutwa kwa bei ambayo haikuonekana tangu Vita ya Korea. Tanzania ilihitaji sana fedha hizo, maana mafuta hayohayo yalikuwa yakiifilisi. Lakini majani hayakutosha. Uzalishaji ulikuwa umeshuka mbali chini ya kilele, na mche uliopandwa siku bei ilipopanda ungehitaji miaka mitatu hivi kabla ya kukatwa. Kufikia hapo bei ilikuwa imekwisha kuanguka.

Miaka ya 1980 ilimalizia. Nchi ilitoka kwenye vita na Uganda bila fedha za kigeni, korona zikasimama kwa kukosa vipuri, na mashamba yakafungwa moja baada ya jingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mashamba ya umma yalipobinafsishwa, uzalishaji ulikuwa takriban tani 20,000 kwa mwaka. Ndiyo ileile hesabu ya Wajerumani ya mwaka 1913.

Kambi za wafanyakazi hazikuhama. Watoto wa manamba walikuwa wamezaliwa Tanga, wengi hawakuwa wamewahi kuiona Kigoma wala Songea, na walibaki katika nyumba za kampuni ambayo haipo, wakilima mahindi kati ya mistari ya mkonge uliokufa, juu ya ardhi isiyo yao. Hasara yao haikuandikwa na mwenye shamba wala na hazina.

Miaka ya karibuni serikali imeuweka mkonge miongoni mwa mazao ya kimkakati, na wakulima wadogo wamegawiwa mashamba wanayoyalima kupitia vyama vya ushirika. Dunia nayo imeanza kuichoka plastiki. Ninafurahi kuiona mistari mipya ya kijani kando ya barabara ya Segera kwenda Tanga. Safari hii anayeamua kupanda au kutopanda ni mkulima wa ekari chache, asiye na akiba ya kumvusha mwaka mbaya. Mkonge uliopandwa mwaka 2021 utaanza kutoa milingoti mwanzoni mwa miaka ya 2030. Miche ya kuurithi inatakiwa iwe kitaluni mwaka mmoja au zaidi kabla ya hapo, bei iwe imepanda au imeshuka.