Gari la Umeme Likiharibika kwa Kuvutwa: Nani Hulipa?

Sifa zote njema anastahiki Allah. Tumeulizwa na familia ya hapa Unguja: gari la umeme la jamaa yao lilizimika Marangu, likavutwa kwa kamba hadi Moshi, magurudumu yote yakiwa chini, na mota ikaungua. Jamaa anadai mota mpya. Mvutaji anasema yeye alivuta tu.

Katika magari mengi ya umeme, mota haiachani na magurudumu hata ukiweka gia huru. Yakizunguka, nayo huzunguka na kuzalisha umeme, na kwa mteremko mrefu kama ule wa kushukia Himo inaweza kupata moto ikaharibika. Kwa hivyo watengenezaji huagiza gari lipakiwe juu ya lori, au angalau magurudumu yanayoendeshwa na mota yanyanyuliwe.

Mvutaji ni ajiri, na gari mkononi mwake ni amana. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi'i ni kuwa ajiri halipi ila akivuka mipaka au akizembea. Ar-Rabi', mwanafunzi wa Imam Shafi'i, amesimulia kuwa Imam hakuwa akiitangaza rai hiyo kwa kuchelea mafundi wabaya. Aliwajua watu.

Basi je, kuvuta hivyo ni uzembe? Tunaona ndiyo, ikiwa mvutaji alijua au aliambiwa kuwa gari ni la umeme. Kusema hakujua livutwe vipi hakumwokoi. Mwenye kushika kazi asiyoijua hudhamini, kama tabibu asiyejua tiba. Lakini mwenye gari akificha, au akiwa yeye ndiye aliyeng'ang'ania kamba kukwepa gharama ya lori, hana la kudai. Muulizaji hakutwambia lipi lilikuwa, na shauri lote limesimama hapo. Risiti iliyoandikwa kuwa mvutaji hahusiki na hasara haibadilishi kitu, kwani kwa Mashafi'i hakusihi kusamehe deni ambalo bado halijathubutu.

Akipatikana na kosa, halipi mota mpya. Hulipa tofauti ya thamani: gari lilivyokuwa pale Marangu, tayari limezimika, na lilivyofika Moshi. Wakadirie mafundi wawili waadilifu.

Ushahidi ni juu ya mwenye gari: ujumbe wa simu, picha, maelezo ya fundi. Akikosa, mvutaji huapa na kauli yake hupokewa, awe Muislamu au la.

Mahkama zetu za Kadhi hazisikilizi kesi kama hii. Wachague msuluhishi wanayemridhia wote wawili, na wanaweza kupatana kwa chini ya deni. Wakishindwa, ipo mahakama ya kawaida hukohuko Moshi.

Wallahu A'lam.